Race 3 na Ahadi ya Mwendelezo

Filamu ya Kihindi Race (2008), iliyoongozwa na ndugu Abbas-Mustan, ilijengwa juu ya hila za ndugu wa kambo. Race 2 (2013) ikamrejesha Ranvir, aliyeigizwa na Saif Ali Khan, akitafuta kisasi. Race 3 ilipotokea Juni 2018, mwongozaji alikuwa Remo D'Souza, nyota wake Salman Khan, na kisa kilikuwa kipya kabisa. Watazamaji wa India walifurika sinemani wakati wa Idi. Punde malalamiko yakazagaa, na mazungumzo ya wahusika yakageuzwa mzaha. Hata Anil Kapoor, aliyebakia, alikuwa mhusika mwingine. Kwa hakika, mwendelezo ni ahadi ya msimulizi: jina humvuta msikilizaji barazani, lakini kinachomketisha ni hadithi.