Mnyororo wa tela: historia fupi kutoka Ohio

Sisi huku Columbus, mtaa wa University District, tuko jirani kabisa na chuo kikuu cha Ohio State. Kila Agosti wanafunzi wanahama, barabara zinajaa magari yanayovuta vitela vya magodoro na makochi. Ukichungulia nyuma ya gari utaona minyororo imepita chini ya kiungio. Leo nawaletea historia yake, hasa wadau mnaoendesha malori.

Kwanza tuelewane. Semi haihitaji mnyororo huu, kwa sababu pini yake inajifunga kwenye sahani ya kichwa. Mnyororo ni wa tela linalovutwa kwa mkono wa chuma. Mkono ukikatika au ukichomoka, mnyororo ndio unaolizuia tela lisiwavamie wapita njia. Sheria ya jimbo la Ohio inautaka hata kwa vitela vya wanafunzi.

Kwa magari ya biashara, mambo yalianza mwaka 1935. Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyoipa tume ya biashara kati ya majimbo mamlaka juu ya usalama wa malori. Mwaka 1967 kazi hiyo ikahamia Wizara ya Uchukuzi, iliyokuwa mpya, na tangu 2000 iko chini ya idara maalumu iitwayo FMCSA. Kanuni yao inataka mnyororo, pamoja na mahali ulipofungwa, uweze kubeba uzito wote wa tela na mzigo wake. Tela la tani 10, mnyororo wa tani 10. Usilegee kuzidi unavyohitajika kukata kona.

Lakini kanuni bila mkaguzi ni karatasi tu. Sheria ya 1984 ndiyo iliyoleta ukaguzi wa lazima, angalau mara moja kwa mwaka. Mwaka 1988 ukaanza pia msako wa barabarani uitwao Roadcheck, ambao siku hizi huchukua saa 72 Marekani, Kanada na Meksiko.

Kilichonifurahisha zaidi ni orodha ya wakaguzi. Tela linakataliwa kama mnyororo haupo, haukufungwa, au pete zake zimelika kiasi cha kupimika. Halafu wanataja matengenezo yasiyokubalika: kuchomelea, waya, bolti ndogo, kamba na utepe wa gundi. Jamani, si ndiyo ufundi wetu ule ule wa barabarani? Hakuna anayeandika katazo la jambo lisilofanywa na mtu. Wazungu nao walifunga kwa waya, mpaka wakaandikiwa wasifanye.

Kwa hiyo ndugu zangu mnaovuta matela kuelekea Tunduma, msingoje trafiki. Kabla ya kuondoka, inama uangalie pete moja moja. Pete iliyolika haichomelewi, mnyororo unabadilishwa. Pembezoni mwa barabara hiyo watoto wetu wanatembea kwenda shule.