Bweni Lenye Majina Mawili

Tulipomzika mjomba wangu kule Kanyigo, upande wa Bukoba, mjukuu wake alisoma wasifu wa marehemu kama ilivyo desturi: kuzaliwa, ubatizo, shule, kazi, ndoa, ugonjwa. Alipofika kwenye masomo ya juu, akasema marehemu alisoma Makerere na aliishi katika bweni la Nsibirwa. Mzee mmoja aliyeketi karibu na jeneza, fimbo mapajani, akainua mkono. "Si kweli," akasema, na kila mtu akasikia. "Sisi tulikaa Northcote. Nsibirwa hakukuwapo."

Kijana akababaika, padri akakohoa, wasifu ukaendelea. Wengi walimwona mzee amevuruga msiba kwa neno dogo. Mimi tangu siku ile neno hilo halijanitoka. Bweni ni lilelile, na kila jina kati ya hayo mawili lina deni lake.

Mwanzo wa Makerere unajulikana. Mwaka 1922 ilianza kama shule ya ufundi yenye wanafunzi 14, waliokuja asubuhi na kurudi kwao jioni. Wakafundishwa useremala, ujenzi na umakanika, kisha yakaja masomo ya uganga na ualimu. Vijana wa Kenya, Tanganyika na Zanzibar walipoanza kuletwa, ikabidi walale mahali. Kwa hiyo bweni ndilo lililokigeuza chuo cha Uganda kuwa chuo cha Afrika Mashariki. Mtu wa Bukoba alipanda meli, akashuka Port Bell, na usiku uleule akalala chumba kimoja na Mkikuyu au mtu wa kabila la Lango ambaye hajawahi kumwona. Nyerere alipita hapo kati ya 1943 na 1945.

Waandishi wengi wa historia ya Makerere huanzia jengo kuu, lile jeupe lenye mnara wa saa, na huishia humohumo. Lilipoungua Septemba 2020, Afrika Mashariki nzima ililia, mimi nikiwamo. Lakini mnarani hakulala mtu, wala hakuna aliyejifunza pale jinsi ya kugawana meza na mtu wa kabila lingine. Ukitaka kujua chuo kilimfanya mtu nini, uliza alilala wapi na alikula na nani.

Chukua wanawake. Walipokubaliwa mwaka 1945 walikuwa sita tu, na kaulimbiu ya chuo ilikuwa bado inawahimiza wanafunzi wawe wanaume. Ikabidi ibadilishwe. Makazi yao yalipewa jina la "Boksi", na jina hilo likahamia bweni kubwa la Mary Stuart, ambalo wakazi wake hadi leo huitwa Boksa. Mmoja wa wale sita, Sarah Nyendwoha, alitaka kusoma hesabu, na mwalimu akakataa kumfundisha mwanamke. Akabadili masomo, akaenda Oxford, akarudi na shahada, kisha akafundisha shule akikataa kupokea mshahara kwa kuwa wanawake walilipwa pungufu ya wanaume. Aliolewa na Sam Ntiro, mchoraji wetu wa Kilimanjaro, aliyekuja kuwa balozi wa kwanza wa Tanganyika mjini London. Huyo ndiye mtu aliyetoka ndani ya Boksi.

Sasa turudi kwenye bweni la mjomba. Mabweni ya mwanzo yalipewa majina ya wakubwa wa kikoloni. Mitchell ni Sir Philip Mitchell, gavana wa Uganda. Northcote ni Sir Geoffry Northcote, mwenyekiti wa baraza la chuo, aliyewahi kuwa gavana wa Hong Kong. Tunaambiwa kwamba jina la namna hiyo halistahili kutetewa na Mwafrika, na kwa upande wa gavana mwenyewe nakubali, sina cha kumtetea. Ila wazee wetu wakitamka "Noskoti" hawamtaji gavana. Wanajitaja wao wenyewe.

Mjomba alikuwa na sanduku la bati, na ndani yake joho jekundu la wanafunzi wa Makerere, limefifia mabegani, lina namba ya dobi iliyoandikwa kwa wino mweusi ndani ya ukosi. Alisimulia jinsi walivyolivaa kwenda bwaloni jioni za chakula rasmi: walimu meza ya mbele, wanafunzi wamesimama nyuma ya viti mpaka sala iishe, kisha kisu na uma kwa watu ambao nyumbani walikula ndizi kwa mkono, na kwa adabu zaidi kuliko hiyo. Wapo wanaoandika kwamba malezi hayo yaliwafanya Waingereza weusi. Mjomba aliniambia kwamba wakitoka bwaloni walipanda vyumbani, wakavua joho, wakajadili Kenya na Kongo mpaka usiku wa manane.

Na bweni lile lilitoa matunda. Ngũgĩ wa Thiong'o, wakati huo akiitwa James Ngugi, aliingia Makerere mwaka 1959 akapangiwa Northcote. Mabweni yalikuwa na mashindano ya maigizo, na tamthilia zake fupi za mwanzo aliandikia mashindano hayo, kwa ajili ya heshima ya bweni. Moja, yenye ofisa wa Kizungu aliyembaka mke wa mpiganaji, ilizuiwa isichezwe katika Jumba la Taifa la Maigizo la Kampala, ati Mwingereza hawezi kutenda hivyo. Mtu aliyekuja kuutikisa ukoloni kwa kalamu aliinoa kalamu hiyo katika bweni lenye jina la gavana.

Hapo ndipo ninapomwelewa mzee wa msibani. Lakini sikubaliani naye mpaka mwisho, kwa sababu Nsibirwa si jina la kuokoteza.

Martin Luther Nsibirwa alikuwa Katikiro, yaani waziri mkuu wa Buganda, kuanzia 1929 hadi 1941. Akaangushwa kwa kuunga mkono ndoa ya mjane wa Kabaka, mfalme wa Buganda, jambo ambalo mila haikuliruhusu. Mwaka 1945, baada ya ghasia za Januari kule Buganda, akarudishwa. Makerere ilikuwa inataka kupanuka na haikuwa na ardhi. Buganda ardhi ni roho. Watu walikuwa wameona makoloni ya jirani yakichukuliwa na walowezi, na wakaamini kwamba sheria yoyote ya kuruhusu ardhi itwaliwe kwa manufaa ya umma ni mlango wa mzungu. Hofu hiyo haikuwa ya kijinga, na wanaoiita ujinga hawajakaa na mtu aliyenyang'anywa shamba. Nsibirwa aliijua hofu hiyo vizuri. Hata hivyo akaona kwamba mlima wa Makerere, wa watoto kusomea, haufanani na shamba la mlowezi, akaisimamia sheria, na Lukiiko, yaani baraza la Buganda, likaipitisha tarehe 4 Septemba 1945.

Kesho yake asubuhi alikwenda kanisani Namirembe. Akapigwa risasi kwenye ngazi za kanisa kuu, akafa.

Siku moja tu. Vitabu vingi vinalipa jambo hili aya moja, katikati ya takwimu za bajeti ya chuo, kana kwamba Katikiro aliyeuawa ni gharama mojawapo ya ujenzi. Binti yake, Rhoda Kalema, aliyekuwa msichana wa miaka kumi na sita, alikuja kuwa mbunge na naibu waziri wa Uganda, na naye mumewe alitekwa wakati wa Idi Amin mwaka 1972 asionekane tena. Familia moja imelipa mara mbili.

Kinachoniuma ni namna jina lake lilivyofika bwenini. Halikuletwa mwaka 1946, damu ikiwa mbichi. Halikuletwa uhuru ulipopatikana mwaka 1962, wala chuo kilipojitegemea mwaka 1970. Lililetwa miaka mingi baadaye, wakati wakazi wa Northcote walikuwa wamejijengea utamaduni wa kijeshi, wenye vyeo na amri za kuigiza, na utawala ukataka kuuvunja. Likabadilishwa jina ili roho ya bweni ife. Yaani jina la shahidi lilitumika kama kiboko. Vijana wakalichukia, si kwa kumjua Nsibirwa, ila kwa kuwa lilikuja pamoja na adhabu. Wengi waliolala chini ya jina lake hawajui kwamba ardhi ya kupanulia chuo chao ilipiganiwa na yeye. Kama kuna aliyedhulumiwa katika mabadiliko yale, ni Nsibirwa kabla ya Northcote.

Bwalo nalo lina dhuluma yake ya kusimuliwa vibaya. Mwaka 1952 wanafunzi waligomea chakula, na baadhi wakafukuzwa, akiwamo Abu Mayanja. Simulizi za upande wa wakubwa zinauita mgomo wa tumbo, wa watoto waliodekezwa. Lakini Mayanja mwaka huohuo ndiye aliyekuwa katibu mkuu wa Uganda National Congress, chama alichokiasisi pamoja na Ignatius Musazi. Mtu wa namna hiyo hashindwi kumeza posho mbaya. Bwalo lilikuwa mahali pekee ambapo wanafunzi wote walikutana kila siku, na sahani ndiyo kitu pekee walichoweza kukirudisha kwa mkubwa bila kufungwa. Hata gavana Cohen alilielewa hilo. Alimsaidia kijana huyo aliyefukuzwa apate nafasi Cambridge.

Miaka iliyofuata nitaipitia haraka. Amin, vita, vyumba vya mtu mmoja vikilazwa watu wengi. Desemba 1990 wanafunzi waligomea kufutwa kwa posho zao za fedha, polisi wakafyatua risasi, wawili wakafa. Miaka ya karibuni mabweni ya Mary Stuart na Lumumba yaliondolewa wanafunzi ili yakarabatiwe. Korongo wakubwa wenye upara bado wanatua juu ya miti ya mlima ule.

Siku ya arobaini niliandika upya wasifu wa mjomba kwa ajili ya kumbukumbu ya familia. Niliweka majina yote mawili: aliishi Northcote, ambalo sasa ni Nsibirwa, kwa heshima ya Katikiro aliyeuawa mwaka 1945. Nikampelekea mzee yule. Nikamwamkia, akaitika, akavaa miwani, akasoma polepole kwa kidole.

"Hukuniambia kwamba huyu aliuawa," akasema.

"Sikujua kama hukujua, mzee."

Akanyamaza kidogo. Kisha akaniomba kalamu, na juu ya neno Northcote, kwa mwandiko uliolala kama wa shule za zamani, akaongeza namba ya chumba.