Simama, kisha rukaruka

Kitenzi “simama” kina kazi mbili: basi husimama likiacha kwenda, abiria husimama akikosa kiti. Katika mchezo wa baiskeli uliokulia Catalonia, Hispania, miaka ya 1970, wa kupanda mawe na magogo bila kukanyaga chini, maana zote mbili hukutana. Anayejifunza husimama juu ya pedali, gurudumu la mbele kalipinda kidogo, na baiskeli nayo imesimama kabisa. (Kiti? Nyingi za mashindano hazina.)

Hufuata kurukaruka: hubana breki zote mbili, hukunja magoti, hujifyatua. Uradidi wa “ruka” hapa hupunguza kimo na kuongeza idadi. Wengine wangesema “kudunda”. Silipendi: mpira hudunda kwa kuangushwa, huyu hujirusha mwenyewe.