Nani Ajibuye Swali la Mkulima wa Uani?

Mtu apitaye asubuhi penye maduka ya mbegu na dawa za mimea, kandokando ya soko la Kariakoo, hakosi kuwakuta watu waliosimama na majani mkononi. Mmoja amelifunga jani la mbilingani katika kipande cha gazeti, wa pili amekuja na kitawi cha mlimao kilichokauka ncha, wa tatu amelileta jani lake katika picha ya simu, na wa nne hakuleta kitu ila maneno: "Mpapai wangu watoa maua mengi, lakini hauzai. Nifanyeje?" Watu hawa si wakulima wa mashamba makubwa. Ni wenye uani, vibaraza na madebe. Historia zetu husimulia vita, magavana na vyama vya siasa, wala si vibaya. Lakini swali la mtu mwenye debe moja la mchicha nalo lina historia yake. Katika insha hii nataka kueleza ni nani, zama kwa zama, aliyelijibu swali hilo hapa Dar es Salaam, na jibu lilimfaa nani.

Yafaa kwanza tukumbuke kwamba Kariakoo ilikuwa shamba kabla ya kuwa mtaa. Ilikuwa ardhi ya minazi, mali ya mlowezi aitwaye Schoeller, na serikali ya Kijerumani iliinunua karibu na mwanzo wa vita vya 1914 ili iwe makazi ya Waafrika, mbali na nyumba za Wazungu zilizokuwa pwani. Waingereza walipoutwaa mji mwezi wa Septemba 1916 waliweka hapo kambi ya wapagazi wao wa vita, Carrier Corps, na ulimi wa Mswahili ukalifinyanga jina hilo likawa Kariakoo. Walakini minazi haikuondoka katika kumbukumbu. Hata leo mtu hushuka Mnazi Mmoja, akakata Mtaa wa Mkunguni, akapita Mtaa wa Mchikichi, wala asifikiri kwamba amekuwa akitaja miti njia nzima.

Nyumba zilizojengwa hapo zilikuwa za Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba pande mbili, na nyuma uani penye jiko, kisima au bomba, na choo. Uani ndio uliokuwa bustani. Palipandwa mpapai, mlimao, mkomamanga, mrehani na asumini. Na penye nafasi, mwarobaini, mti uliotoka Bara Hindi ukapewa jina la maradhi arobaini unayosadikiwa kuyaponya. Neno "bustani" lenyewe ni mgeni wa zamani: asili yake ni Kiajemi, na maana yake mahali pa harufu nzuri. Kwa hiyo mwanamke wa Kariakoo aliyepanda asumini mlangoni pa jiko aliitimiza maana ya neno hilo kuliko mwenye ekari mia za mkonge.

Katika uani huo mjibuji alikuwa jirani au bibi. Mchicha ukiingiwa na vidukari, alisema, "Nyunyiza jivu", majani yakitobolewa, alisema, "Loweka majani ya mwarobaini, uchuje, unyunyize jioni." Majibu haya hayakuwa ya kubahatisha. Mwarobaini una kemikali ambayo wataalamu wamekwisha ithibitisha kuwa huwazuia wadudu wengi kula na kukua. Tena elimu hiyo ilikuwa na sifa moja kubwa: mjibuji aliuona mmea wenyewe, akaona na jua lilikoangukia, na maji yalikotuama.

Lakini tusiipambe kupita kiasi. Kuhusu mpapai usiozaa nimesikia tangu utotoni jibu la kuupigilia msumari shinani ili uone haya, uzae. Jibu hilo ni kosa. Mipapai ina jinsia: ipo ya kiume, ipo ya kike, na ipo yenye jinsi zote mbili katika ua moja. Mpapai dume, wenye maua madogo mengi yaning'iniayo katika vikonyo virefu, haulazimishwi kwa chuma. Afanyalo mtu mwenye akili ni kupanda miche mitatu au minne karibu karibu, kungoja ichanue, kisha kung'oa madume yaliyozidi. Bibi zetu walijua mengi, na mengine hawakuyajua. Heshima ya kweli ni kuyatenga hayo mawili.

Sasa tuitazame elimu ya serikali. Mwaka 1893 Wajerumani walianzisha Bustani ya Mimea mjini Dar es Salaam, kwa usimamizi wa Franz Stuhlmann, ili kuijaribu mimea ya biashara. Mwaka huohuo Richard Hindorf aliagiza vichipukizi 1000 vya mkonge kutoka Florida, na 62 tu vilifika Tanga vikiwa hai. Navyo ndivyo vilivyozaa mashamba yaliyokuja kuitawala nchi kwa miaka mingi. Mwaka 1902 ikafunguliwa taasisi ya uchunguzi wa mimea huko Amani, katika milima ya Usambara, na kuanzia 1905 likatoka jarida lililoitwa Der Pflanzer, yaani Mpandaji, lililojitangaza kuwa mshauri wa kilimo cha nchi za joto. Basi majibu yalikuwapo, tena majibu ya kitaalamu. Lakini yaliandikwa kwa Kijerumani, yakamwendea mwenye mashamba ya mkonge, mpira na kahawa. Mwenye mlimao mmoja uani hakuulizwa swali lake wala hakudhaniwa kuwa analo. Bustani ilikuwa mwendo wa dakika chache kutoka kwake, na elimu yake ilikuwa mbali kama Berlin.

Mlango ulifunguka kidogo kwa njia ya lugha. Mwezi wa Januari 1923 Idara ya Elimu ya Tanganyika ilianza kulitoa gazeti la Mambo Leo kwa Kiswahili. Humo mlikuwa na habari, mashairi, barua za wasomaji, na mafundisho ya afya na ya ukulima. Hapo mtu wa mjini aliweza kusoma habari za mbolea na palizi kwa maneno ya nyumbani kwake. Mwezi wa Julai 1951 Sauti ya Dar es Salaam ikaanza kutangaza, na hata asiyejua kusoma akaweza kusikia. Baadaye jina la Ukulima wa Kisasa likazoeleka kwa wasomaji na wasikilizaji pia. Faida ya mambo hayo haina mpinzani. Maneno kama mnyauko, kinyausi, batobato na ubwiri unga yalipata kuenea kwa kuwa palikuwa na watu walioona kwamba ugonjwa wa mmea hauna budi kutajwa kwa lugha ya anayeupata. Usilolitaja jina huwezi kumwuliza mtu.

Hata hivyo gazeti na redio vina upungufu wa asili: vyasema na wote kwa pamoja, wala havilioni debe la mtu mmoja. Jibu la redio likisema "mwagilia maji ya kutosha", kutosha kwa nani? Kwa udongo wa mchanga wa Kariakoo, au kwa mfinyanzi wa bonde la Msimbazi?

Swali hili lilipata uzito mkubwa nchi ilipofikwa na njaa. Ukame wa 1973 na 1974 ulileta wito wa Kilimo cha Kufa na Kupona, na watu wa mijini nao wakahimizwa kushika jembe. Miaka ya 1980 mishahara ilipopoteza thamani, karani, mwalimu na hata mhadhiri walitazama ardhi iliyo wazi kando ya nyumba zao kwa jicho jipya. Mchicha, matembele na kisamvu vikawa sehemu ya mshahara. Mabonde yakalimwa, hasa Msimbazi. Hapo likazuka swali ambalo hakuna chupa ya dawa iwezayo kulijibu: je, maji haya yafaa? Mto ule hupokea uchafu wa viwanda na wa nyumba, na watafiti waliozipima mboga za bondeni wamekuta ndani yake madini mazito yasiyofaa kuliwa. Jani laweza kuwa la kijani na lenye afya machoni, kumbe limebeba madhara. Mkulima aliyeuliza kwa nini mchicha wake umenawiri hakupatikana. Watu huuliza juu ya jani la njano tu.

Sheria nayo ilikuja na majibu yake. Mwaka 1992 zilitolewa kanuni za kilimo cha mjini zilizompa mtu ruhusa ya kulima kwa kipimo. Nyuma ya katazo la mimea mirefu mijini mlikuwa na hofu ya wezi kujificha, na imani kwamba mahindi huzaa mbu. Mbu hazaliwi na hindi. Huzaliwa katika maji yaliyotuama, na mara nyingi maji hayo yamo katika kopo, tairi, au kisahani kilicho chini ya chungu cha maua. Dar es Salaam ilipopata milipuko ya homa ya dengi mwaka 2014, na tena 2019, visahani hivyo vilistahili kuogopwa kuliko shamba zima la mahindi.

Nirudi sasa sokoni. Jengo kuu la Kariakoo lilibuniwa na msanifu wetu Beda Amuli, likafunguliwa 1975. Paa lake lilifanywa mfano wa miavuli mikubwa ya zege iliyopinduliwa ili ikinge maji ya mvua. Mwezi wa Julai 2021 moto ukaliunguza, na wenye biashara wakalazimika kutawanyika. Wengi walihesabu hasara ya mali, nao walikuwa na haki. Lakini ilikuwapo hasara nyingine isiyohesabika: mtu aliyezoea kumwuliza muuza mbegu fulani, penye kizimba fulani, alifika akakuta ukuta. Maana kwa miaka mingi muuza mbegu ndiye aliyekuwa mrithi wa bibi na wa redio kwa pamoja.

Urithi huo una hatari yake, nami niliionja. Mama yangu aliishi miaka mingi katika nyumba ya vyumba sita. Kiwanja kilipouzwa ili pajengwe ghorofa, alihamia orofa ya pili katika mtaa wa jirani, akachukua mlimao wake ndani ya debe la mafuta. Baada ya miezi michache majani yakawa manjano. Nilikwenda kwenye duka moja. Kabla sijamaliza sentensi muuzaji alikwisha nitilia chupa mkononi. Tuliitumia, na majani yakazidi kupukutika. Mama hakusema neno, ila kila asubuhi aliyaokota yale majani, akayahesabu.

Siku nyingine nikamkuta mzee auzaye miche kando ya njia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umenyweshaje?"

"Kila siku, asubuhi na jioni."

"Debe lina tundu?"

Sikujua. Nilipomwuliza Mama, akanijibu kwamba halina. Hakulitoboa makusudi, asije akawadondoshea maji majirani wa chini, watu ambao bado hakuwazoea. Basi mti ulikuwa unaoza mizizi kwa sababu ya adabu ya mwenye mti. Dawa ya chupa ingeijuaje habari hiyo? Tulilitoboa debe, tukaikata mizizi iliyooza, tukatia kokoto chini na udongo mpya juu, tukaweka beseni la kukinga maji, nalo humwagwa kila siku kwa ajili ya mbu. Tukamwagilia pale tu kidole kilipogusa udongo mkavu.

Yule mzee hakuwa na chombo cha kupimia wala cheti. Alikuwa na maswali mawili. Simdharau mtaalamu kwa kusema hivi, kwa kuwa mtaalamu wa kweli hufanya vilevile. Mnyanya ukinyauka ghafula ungali wa kijani, yeye hulikata shina, akalitumbukiza katika bilauri ya maji safi; ukitoka mchirizi kama maziwa, ajua ni mnyauko wa bakteria, wala hakuna dawa ya kunyunyiza itakayouponya. Mmea hung'olewa, na nyanya, mbilingani na pilipili hazirudishwi mahali hapo kwa muda. Mwaka 2014 nondo wa nyanya aitwaye kantangaze alipoingia nchini, wengi waliongeza dawa juu ya dawa, kumbe kiwavi wake yumo ndani ya jani, amejificha. Aliyeuliza kwanza "mdudu yuko wapi?" alipata hasara ndogo kuliko aliyeuliza "dawa gani kali?"

Kwa hiyo nikiitazama safari hii yote, tangu 1893 hata leo, naona kwamba hatukuwa na uhaba wa majibu. Wajerumani walikuwa nayo, Waingereza walikuwa nayo, redio ilikuwa nayo, na maduka yanayo yamejaa rafuni. Kilichokuwa haba ni mjibuji anayeuliza kabla ya kujibu. Jibu lisilotanguliwa na swali humfaa atoaye kuliko apokeaye. Na hili, msomaji, si la bustani pekee.

Ghorofa zinapanda Kariakoo, na uani unapotea mmoja mmoja. Pamoja nao unapotea ukuta mfupi ambao jirani aliinamia akasema, "Mlimao wako una kiu," au, "Mlimao wako umeshiba." Sidhani kwamba tutaurudisha. Lakini twaweza kuliruhusu lile swali lipande ngazi. Juzi nilimkuta Mama kibarazani na mke wa jirani wa chini, yule aliyehofia kumdondoshea maji. Amekuja na debe lake la pilipili, anauliza. Mama akaliinua kwanza, akatazama chini yake.

Mlimao umechipua. Tunda bado.