Napoleon, Mwamba Ngoma

Tarehe 16 Desemba 1812, wakazi wa Paris walikuta katika gazeti la serikali, Le Moniteur, Taarifa ya 29 ya Jeshi Kuu. Kwa miezi kadhaa walikuwa wamelishwa habari za ushindi kutoka Urusi. Safari hii waliambiwa kwamba baridi kali iliyoingia ghafla ilikuwa imeua farasi kwa maelfu na mizinga mingi imetelekezwa. Taarifa ikafunga kwa kuwahakikishia wasomaji kuwa afya ya Kaisari haijapata kuwa njema kama ilivyo sasa. Siku mbili baadaye Napoleon mwenyewe akaingia Paris usiku. Mabaki ya jeshi lake alikuwa ameyaacha nyuma, yakijikokota kutoka Urusi.

Anayetaka kusoma habari za vita vya enzi hiyo, kuanzia Italia mwaka 1796 hadi Waterloo mwaka 1815, na aanzie kwenye taarifa kama hiyo. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake, na ni watawala wachache wa Ulaya walioivuta kwa nguvu kama Napoleon. Taarifa za jeshi alizisimamia mwenyewe, nyingine akiwatamkia makarani neno kwa neno. Wafaransa walizizoea kiasi cha kuzuka msemo kwamba fulani ni mwongo kama taarifa ya jeshi.

Tulichunguze dai la baridi. Mwaka 1869 mhandisi Charles Joseph Minard alichora ramani ya safari ya Urusi kwa mstari mpana unaozidi kuwa mwembamba kadiri askari wanavyopungua. Kwa hesabu zake, askari 422,000 walivuka mto Niemen mwezi Juni 1812, na waliofika Moscow mwezi Septemba walikuwa 100,000. Theluji ilikuwa bado. Baadhi walikuwa wameachwa kulinda njia au kupigana pembeni, lakini wengi mno walimalizwa na jua, njaa, kuhara na homa inayoenezwa na chawa. Farasi walikufa kwa kulishwa nafaka mbichi iliyokatwa mashambani. Waliouvuka tena Niemen wakirudi walikuwa 10,000. Baridi ilikamilisha kazi iliyoanza kiangazi. Na si kwamba Kaisari hakuonywa: Armand de Caulaincourt, aliyekuwa balozi wake St. Petersburg, alimweleza mapema habari za majira ya Urusi na msimamo wa mfalme wake, Alexander. Kumbukumbu za Caulaincourt zilichapishwa mwaka 1933, wakati hadithi ya theluji ilikuwa imekwisha kukomaa.

Mkono huohuo ulikuwa umepita kwenye mapigano ya Marengo, Italia, tarehe 14 Juni 1800. Kufikia alasiri Wafaransa walikuwa wanarudi nyuma, na Melas, jemadari mzee wa Waaustria, alikwisha kuondoka uwanjani akiamini ameshinda. Kilichogeuza mambo ni jenerali Desaix kufika na askari wake, pamoja na shambulio la wapanda farasi wa Kellermann. Desaix aliuawa palepale. Katika miaka iliyofuata maelezo rasmi yaliandikwa upya zaidi ya mara moja, hata kule kurudi nyuma kukawa mbinu iliyopangwa.

Aliposhindwa kabisa na kupelekwa kisiwa cha St. Helena mwaka 1815, Napoleon alibaki na wasikilizaji wenye kalamu. Mmoja wao, Las Cases, alitoa kitabu cha mazungumzo yao mwaka 1823, miaka miwili baada ya Kaisari kufa. Humo tunakutana na mpenda amani aliyelazimishwa kupigana. Kitabu kilisomwa sana, kikaing'arisha upya sifa ya jina ambalo mpwa wake, Louis-Napoleon, alilitumia kuchaguliwa rais mwaka 1848. Mpwa huyo alipokuwa naye Kaisari, tume yake ilianza mwaka 1858 kuchapa barua za ami yake, nyingine zenye aibu zikiwekwa kando. Leo msomaji ana bahati zaidi: kati ya 2004 na 2018 taasisi ya Fondation Napoléon ilitoa barua zaidi ya 40,000 katika majuzuu 15. Barua ya kuagiza viatu na mikate haina nafasi kubwa ya kujisifu, ndiyo maana inafaa kuwekwa kando ya taarifa ya ushindi.

Hata hivyo, barua nazo ni za mkono mmoja. Wapo waliopigwa na enzi hii bila kuwa na karani, na baadhi yao walitoka pwani yetu. Tangu mwaka 1776, Mfaransa Morice alipoafikiana na Sultani wa Kilwa, watumwa walisafirishwa kutoka huko kwenda Île de France, ambayo leo ni Mauritius. Sheria ya Napoleon ya tarehe 20 Mei 1802 iliuthibitisha utumwa katika makoloni ya Ufaransa yaliyo mashariki ya Rasi ya Tumaini Jema. Mapigano ya Grand Port katika kisiwa hicho cha Île de France, ambako meli za Ufaransa zilishinda mwaka 1810, yamechongwa kwenye Arc de Triomphe mjini Paris. Watu waliolima miwa ya kisiwa hicho hawamo.

Wapo pia waliomshinda. Huko Saint-Domingue, koloni la Ufaransa katika Karibi ambalo baadaye likawa Haiti, kiongozi wa waliokuwa watumwa, Toussaint Louverture, alikamatwa mwaka 1802 na kufia gerezani Ufaransa Aprili 1803. Homa ya manjano ilimuua Leclerc, shemeji yake Napoleon aliyeongoza jeshi la uvamizi. Tarehe 18 Novemba 1803, huko Vertières, jeshi la Jean-Jacques Dessalines liliwavunja Wafaransa, na tarehe 1 Januari 1804 Haiti ikatangaza uhuru. Akiwa St. Helena, Napoleon mwenyewe alikiri kwamba kuivamia nchi ile lilikuwa kosa kubwa. Dessalines alishinda zaidi ya miaka 11 kabla ya jemadari wa Uingereza, Wellington, kushinda Waterloo, na majeshi yake yalijaa watu waliokuwa watumwa. Kitabu cha vita hivi kisicho na sura yao kina pengo, hata kikiwa na kurasa elfu.