Mtoto mdogo mwenye mahitaji maalum na msaada wa shule: Lokitaung na Turkana

Lokitaung ni mji mdogo uliozungukwa na vilima katika Turkana Kaskazini, upande wa magharibi wa Ziwa Turkana, si mbali na mipaka ya Ethiopia na Sudan Kusini. Wakenya wengi wanaujua kwa gereza lake. Baada ya kesi ya Kapenguria ya 1953, Jomo Kenyatta na wenzake walifungwa hapo, na mwaka 1959 Kenyatta akahamishiwa Lodwar. Wakoloni waliuchagua kwa sababu ya umbali. Umbali huohuo ndio unaomkabili leo mzazi ambaye mtoto wake wa miaka minne hasikii, haoni vizuri, hatembei au amechelewa kusema, naye anataka shule impokee na imfundishe. Haki anayo, imeandikwa. Lakini watu wengi wanaoweza kuitekeleza wako Lodwar, makao makuu ya kaunti, zaidi ya kilomita 150 kutoka nyumbani kwake, na mtoto huyo habebeki kirahisi kwa bodaboda.

Mtoto wa serikali mbili

Katiba ya 2010 inampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na kifungu cha 54 kinawapa watu wenye ulemavu haki ya kuingia katika taasisi za elimu zilizounganishwa na jamii. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza shule kumbagua mtoto kwa sababu ya ulemavu anapoombewa nafasi. Kabla yake, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003, ambayo nafasi yake sasa imechukuliwa na sheria mpya ya 2025, ilikuwa imeweka katazo kama hilo. Kwa hiyo mwalimu mkuu anayesema "huyu mpelekeni kwingine" bila kumpa mzazi njia nyingine anavunja sheria, na mzazi ana haki ya kumwambia hivyo.

Ugumu unaanzia mahali ambapo watu wengi hawapatazami. Jedwali la Nne la Katiba liligawa kazi za elimu: elimu ya chekechea ikaenda kwa kaunti, na shule za msingi pamoja na elimu maalum zikabaki kwa serikali ya kitaifa. Mtoto wa miaka minne mwenye mahitaji maalum anaangukia katikati. Mwalimu wake wa PP1, yaani mwaka wa kwanza wa chekechea, ameajiriwa na kaunti. Afisa wa kumfanyia tathmini yuko chini ya Wizara ya Elimu. Mwalimu wa kitengo maalum atakayempokea baadaye ameajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu, TSC. Kila mmoja anaweza kusema kwa haki kwamba mtoto huyu bado si wake, au si wake tena, na miaka miwili ya chekechea ikapita hivyo. Hiyo ndiyo miaka ambayo sikio lililoziba lingeweza kutibiwa, na mtoto kiziwi angeweza kupata lugha yake ya kwanza.

Hata hesabu zinamruka. Sensa ya 2019 iliikuta Turkana na watu 926,976, na ikatangaza kwamba asilimia 2.2 ya Wakenya wana ulemavu. Asilimia hiyo ni ya watu wa miaka mitano na zaidi. Mtoto wa miaka mitatu au minne hayumo. Ukipanga walimu na viti vya magurudumu kwa takwimu hizo pekee, yeye humpangii chochote.

Tathmini

Mlango wa msaada ni kituo cha tathmini na nyenzo za elimu, ambacho walimu wengi wanakiita EARC. Vituo hivi vilianzishwa nchini Kenya mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark, na miaka miwili baadaye ikafunguliwa Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya, KISE, huko Kasarani, Nairobi, ili kuwafunza walimu. Sheria ya 2013 inaipa bodi ya elimu ya kila kaunti wajibu wa kuhakikisha huduma ya tathmini ipo. Afisa anamhoji mzazi kuhusu ujauzito, kuzaliwa na magonjwa ya mtoto, anapima usikivu na uoni, anamtazama mtoto akicheza, akishika vitu na akifuata maagizo, kisha anaandika ripoti yenye pendekezo. Mtoto anaweza kupendekezewa darasa la kawaida na marekebisho machache, kitengo maalum ndani ya shule ya kawaida, shule maalum ya bweni, au, ulemavu ukiwa mzito, mafunzo ya nyumbani.

Kabla ya kituo ni kliniki. Hospitali ya Lokitaung au zahanati iliyo jirani ndiyo inayopaswa kuanza, kwa sababu chanzo mara nyingi ni cha kiafya: mtoto aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa, umanjano wa siku za kwanza ambao haukutibiwa, malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, masikio yanayotoka usaha msimu baada ya msimu mpaka usikivu unapungua. Trakoma, ugonjwa wa macho unaojulikana sana Turkana, huwapofusha watu ukubwani, lakini maambukizi yake huanza utotoni. Kitabu cha kliniki cha mama na mtoto kina ukurasa wa hatua za ukuaji: lini mtoto huketi, lini husimama, lini hutamka maneno ya kwanza. Muuguzi anayejaza uzito na chanjo akauruka ukurasa huo amemnyima mtoto mwaka mzima. Tangu 2023 wahudumu wa afya ya jamii nchini wamepewa vifaa na malipo ya kila mwezi, nao wanafika kwenye maboma ambayo afisa wa elimu hafiki. Kama wangefundishwa kuuliza maswali manne au matano kuhusu kusikia, kuona, kutembea na kusema, tathmini ingeanza mlangoni kwa mama.

Jambo la lugha lisipitiwe haraka. Nyumbani Lokitaung mtoto husikia Kiturkana. Afisa akimhoji kwa Kiswahili au Kiingereza, ukimya wa mtoto unaweza kusomwa kama uziwi au ulemavu wa akili, kumbe hajaelewa lugha. Picha zina hatari hiyohiyo. Mtoto asiyewahi kuona kochi, uma au treni hashindwi mtihani wa akili kwa kutovitaja. Mpeleke penye mbuzi, umwulize yupi ni wa nyanya na yupi wa mjomba, kwa rangi na madoa yao, ndipo utajua anachokumbuka na anachotofautisha. Wafugaji wa Turkana wana msamiati mpana wa rangi za mifugo, na mtoto huukuta nyumbani mapema. Mzazi asione haya kudai mkalimani, au kumwambia afisa: mwanangu anajua haya na haya, mwulize kwa lugha yetu. Ripoti yenye makosa humfuata mtoto miaka mingi, na kuifuta ni kazi kubwa kuliko kuiandika.

Yupo pia mtoto ambaye hana ulemavu wowote ila njaa. Misimu ya mvua iliyokosekana mfululizo kati ya 2020 na 2023 iliwaacha watoto wengi wa Turkana na utapiamlo, na mtoto aliyedhoofika huchelewa kutembea na kusema. Huyo anahitaji chakula na matibabu kwanza, kisha apimwe upya.

Ushauri unaotolewa mara nyingi, kwamba mzazi ampeleke mtoto Lodwar, ni sahihi kwa mwenye nauli. Kwa mama mwenye watoto wengine watatu na mbuzi wa kuangalia, ni sawa na kumwambia asiende. Njia inayofaa zaidi kwa Turkana Kaskazini ni maafisa kuja siku moja iliyotangazwa na chifu, pamoja na watu wa hospitali, watoto wa sehemu kadhaa wakusanyike shuleni Lokitaung au Lowarengak kule ziwani. Walimu wakuu kadhaa wakiandika barua pamoja kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo, huku orodha ya watoto ikiwa mezani, ombi lina uzito kuliko la mzazi mmoja.

Karatasi na fedha

Ripoti ya tathmini ya elimu si kadi ya ulemavu, na watu huzichanganya. Kadi hutolewa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu baada ya uchunguzi wa madaktari katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa. Ripoti inafungua darasa, kadi inafungua misaada: vifaa kama viti vya magurudumu na mashine za kusikilizia, na ufadhili wa masomo kutoka mfuko wa baraza. Kaya inayomlea mtu mwenye ulemavu mzito, anayehitaji kuhudumiwa wakati wote, inaweza kuandikishwa katika mpango wa Inua Jamii na kupokea shilingi 2,000 kwa mwezi, kupitia kwa maafisa wa ustawi wa jamii. Fedha hizo si nyingi, lakini zinalipa nauli ya kwenda Lodwar, na hilo pekee lina maana.

Kabla ya yote hayo ni cheti cha kuzaliwa. Mtoto aliyezaliwa bomani bila kupelekwa hospitali anahitaji chifu kuthibitisha kuzaliwa kwake, na bila cheti hata kuandikishwa kwenye mfumo wa takwimu za wanafunzi kunakwama. Anayeanza safari na aanze hapo.

Darasani

Mtoto akishapokewa, chombo kikuu ni mpango wa elimu wa mtoto mmoja mmoja: mwalimu na mzazi wanaandika malengo machache ya muhula, nani atafanya nini, na lini watakaa tena. Sera ya 2018 kuhusu wanafunzi wenye ulemavu inasisitiza elimu jumuishi, yaani shule ya karibu imrekebishie mtoto mazingira badala ya kumfukuza aende mbali. Mtaala wa umilisi ulioanza 2017 una njia ya hatua kwa wanafunzi wasioweza kufuata masomo ya kawaida, inayoanzia stadi za kujitunza na kuwasiliana hadi ufundi. Mwalimu wa PP1 mwenye watoto wengi chini ya mti hawezi kutekeleza yote hayo. Anaweza kumketisha mtoto mwenye uoni hafifu mbele, kivulini, mbali na mwanga mkali. Anaweza kumtazama usoni mtoto asiyesikia vizuri anapozungumza naye, na kumpa mwenzake wa kumshika mkono wakati wa uji. Hayo hayahitaji bajeti.

Uji wenyewe ni sehemu ya msaada. Shule nyingi za Turkana hujaa wanafunzi chakula kinapokuwapo na hupungukiwa nao kinapokosekana. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilikabidhi mpango wa chakula cha shule kwa serikali ya Kenya mwaka 2018, na sahani ikikosekana, wa kwanza kubakizwa nyumbani ni mtoto anayehitaji kubebwa.

Uamuzi mgumu kuliko yote ni bweni. Mtoto asiyeona wa Turkana anaweza kupelekwa mbali kama Kapenguria, kwenye shule ya wasioona ya St. Francis huko Pokot Magharibi, na huo ni mji uleule ambako Kenyatta na wenzake walihukumiwa kabla ya kuletwa Lokitaung. Kwa mtoto kiziwi bweni lina hoja ya nguvu, nayo ni Lugha ya Ishara ya Kenya, ambayo Katiba inaitaja na kuagiza iendelezwe. Bomani anaelewana kwa ishara za nyumbani tu, na anahitaji viziwi wenzake ili apate lugha kamili. Lakini kumtenga mtoto wa miaka sita na mama yake kwa muhula mzima, akarudi anaongea lugha ambayo hakuna wa nyumbani anayeielewa, ni gharama kubwa. Nionavyo, shule inayompokea mtoto kama huyo ina wajibu wa kuwafundisha wazazi na ndugu zake ishara za mwanzo wakati wa likizo. Mtoto mwenye ulemavu wa akili au usonji asipelekwe bweni mapema hivyo ikiwa kuna njia nyingine yoyote.

Kakuma

Ndani ya kaunti hiyohiyo, huko Turkana Magharibi, kambi ya Kakuma ilianzishwa 1992 kwa ajili ya wakimbizi, wengi wao wavulana wa Sudan waliotembea peke yao, na makazi ya Kalobeyei yakaongezwa jirani mwaka 2016. Shule za huko hufuata mtaala wa Kenya, nyingi zikiendeshwa na Shirikisho la Kilutheri la Ulimwengu. Shirika la Wajesuiti la Kuwahudumia Wakimbizi limeendesha vituo vya kutwa vya watoto wenye ulemavu, na shirika la Humanity & Inclusion limefanya kazi ya mazoezi ya viungo na vifaa saidizi. Matokeo yake ni hali isiyo ya kawaida: mtoto mkimbizi mwenye mtindio wa ubongo huko Kakuma anaweza kuwa karibu na mtaalamu wa viungo kuliko mtoto Mturkana wa Lokitaung. Wazazi wa Turkana Magharibi wanalijua hilo na huulizia huduma kambini, nao hawakosei. Ila huduma hizo zinasimama kwa fedha za wafadhili, na fedha hizo zilipokatwa mwaka 2025 ilionekana jinsi huduma zinavyoweza kuyumba kwa mwezi mmoja. Ujuzi uliokusanywa Kakuma kwa zaidi ya miaka 30, wa kufundisha wasaidizi kutoka miongoni mwa wazazi wenyewe, ungefaa kuvukishwa hadi kaskazini kabla haujatawanyika.

Kwa sasa, mzazi wa Lokitaung aliyepata ripoti ya tathmini na aitoe nakala tatu: moja ibaki shuleni, moja kliniki, na moja kwa chifu. Familia huhama kufuata malisho, mvua hunyesha, vibanda huungua, walimu huhamishwa. Miaka minane baadaye, mtoto huyo atakapofika kwenye mtihani wa kitaifa, ripoti hiyo ndiyo itakayotumika kumwombea karatasi ya maandishi makubwa, breli au muda wa ziada.