Saa za Alasiri: Netiboli na Historia ya Michezo ya Wasichana Bukoba na Muleba

Mwaka 1964 wanafunzi wa Pembroke, chuo cha wanawake kilichokuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Brown nchini Marekani, walianzisha timu ya hoki ya barafu ambayo huhesabiwa kuwa ya kwanza ya wanawake katika vyuo vya nchi hiyo. Mwaka 1972 ikapitishwa sheria iliyokataza ubaguzi wa kijinsia katika taasisi za elimu zinazopokea fedha za serikali kuu. Mwaka 1998 wanawake wakacheza hoki hiyo kwenye Olimpiki ya Nagano, na mwaka 2001 vyuo vya Marekani vikapata mashindano yao ya kwanza ya ubingwa wa kitaifa wa wanawake chini ya NCAA, chama cha michezo ya vyuo. Anayetaka kuandika habari za timu moja kati ya hizo hukuta kila kitu kimehifadhiwa: matokeo ya mechi, picha za kila msimu, majina ya makocha, hata saa ambazo timu ilipewa uwanja. Saa hizo za uwanja ni jambo zito kuliko linavyoonekana, kwa kuwa barafu ni chache na kila mtu anaitaka, na kwa miaka mingi wanawake walipangiwa muda ambao wanaume hawakuuhitaji.

Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, Tanzania, hakuna barafu. Kuna netiboli, mchezo ambao wasichana wa Kagera wameucheza kwa vizazi, na ambao historia yake haijapata mwandishi. Katika makala hii ninadai kwamba kukua na kudumaa kwa michezo ya wasichana katika wilaya hizi kumetegemea, kuliko jambo jingine lolote, ni nani aliyekuwa na amri juu ya saa za msichana kati ya kengele ya mwisho ya darasani na giza. Maelezo yaliyozoeleka, kwamba mila za Wahaya ndizo zilizomzuia binti kucheza, hayatoshi. Jamii hizohizo ziliukubali mchezo huu mapema na kuujazia watazamaji, mradi binti alikuwa na nafasi ya kuucheza.

Tuanze na mchezo wenyewe. James Naismith alibuni mpira wa kikapu huko Springfield, Massachusetts, mwaka 1891. Ulipovuka bahari ulifika katika chuo cha mazoezi ya viungo cha wanawake kilichoanzishwa Uingereza na Martina Bergman-Österberg, mwanamke mzaliwa wa Sweden, na hapo ukabadilishwa hatua kwa hatua hadi kanuni za netiboli zikachapishwa mwaka 1901. Kwa hiyo huu ni mchezo uliozaliwa chuoni, kwa ajili ya wanawake, mikononi mwa wanawake. Ulienea katika makoloni ya Uingereza pamoja na shule za wasichana, na ndivyo ulivyofika Tanganyika.

Wapo wanaoutazama urithi huo kwa shaka, nao wana sababu. Kanuni za netiboli zinamkataza mchezaji kukimbia na mpira, zinampa sekunde 3 tu za kuushika, na zinaugawa uwanja katika sehemu tatu ili kila mmoja abaki katika eneo lake. Nyuma ya kanuni hizo kulikuwa na fikra za zama zile kwamba mwili wa mwanamke haupaswi kuchoshwa wala kugongwa. Lakini anayesoma kanuni peke yake haoni kinachotokea uwanjani. Mtazame GA, mshambuliaji anayeruhusiwa kufunga, anapopokea pasi ndefu karibu na duara: amerukia mpira akiwa hewani, ametua kwa mguu mmoja ambao sasa haruhusiwi kuunyanyua na kuukanyagisha tena akiwa bado na mpira, beki amesimama mbele yake na mikono juu, na ndani ya sekunde hizo 3 lazima aamue kama atafunga au atamrudishia senta. Fanya hivyo kwenye nyasi zilizonyeshewa na mvua ya Bukoba, bila viatu au kwa raba zilizolainika soli, na utaelewa kwa nini wasichana hawakuuona mchezo huu kuwa wa kubembelezwa.

Netiboli ilipata mahali hapa pia kwa sababu ya sura ya nchi na ya mfuko. Kijiji cha Kihaya ni vibanja vilivyoshikana, migomba imekaribiana na mibuni na nyumba imo ndani, na hakuna uwazi wa kukimbilia. Uwazi uko nje, kwenye rweya, uwanda wa nyasi ambako wanawake walilima misiri yao, mashamba ya mazao ya msimu, na kukata nyasi za kutandika nyumbani. Shule nyingi na viwanja vyao vimekaa huko. Mpira wa miguu unadai eneo kubwa lililosawazishwa, na wavulana walikuwa wa kwanza kulipata. Uwanja wa netiboli ni mita 30.5 kwa 15.25, unaingia kwenye kipande kilichobaki nyuma ya madarasa. Milingoti miwili ya mkaratusi, pete mbili za nondo zilizochomelewa na fundi, mistari ya majivu au chokaa, mpira mmoja: programu imeanza. Wavu si lazima. Urahisi huu ndio ulioufanya mchezo ufike shule ya msingi ya mbali kabisa, hadi visiwani kama Bumbire.

Hata hivyo kiwanja hakitoshi bila mchezaji, na mchezaji hapatikani bila muda. Hapa ndipo bweni linapoingia katika historia. Msichana wa Kihaya aliyekaa nyumbani hakuwa na alasiri. Alikuwa na maji ya kuteka bondeni, kuni, mdogo wake wa kubeba, na ndizi za kumenya kwa chakula cha usiku, kazi ambayo haianzi jioni sana kwa kuwa ndizi na maharage huchukua muda jikoni. Kaka yake alikuwa na alasiri yake, na aliipeleka mpirani. Shule ya bweni ilikuwa taasisi ya kwanza kumwambia binti kwamba saa fulani za mchana ni za mchezo, zimeandikwa kwenye ratiba, na asipofika uwanjani ataulizwa. Tunaweza kuilaumu shule ya bweni kwa mengi: iliwafikia wachache, iliwatenga na mama zao, iliwalea kwa amri. Lakini ilikata mnyororo wa kazi za nyumbani kwa miezi kadhaa ya mwaka, na katika nafasi hiyo ndimo michezo ya wasichana ilimoota.

Mojawapo ya shule hizo ilikuwa Kashasha, katika Muleba ya leo, iliyoendeshwa na misheni ya Kilutheri. Iliwahi kuongozwa na Barbro Johansson, Mswidi aliyefika Bukoba mwaka 1946, akawa mbunge wa nchi hii na baadaye mkuu wa Shule ya Wasichana ya Tabora. Ulimwengu unaijua Kashasha kwa jambo moja tu. Tarehe 30 Januari 1962 wasichana watatu walishikwa na kicheko kisichozuilika; hadi shule ilipofungwa tarehe 18 Machi, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wameathirika, na kwa kuwa waliporudishwa makwao hali hiyo ilienda nao, ikaonekana Nshamba na kwingineko. Madaktari Rankin na Philip walichapisha ripoti yao mwaka 1963, na tangu hapo wasichana wale wamenukuliwa katika vitabu vya saikolojia duniani kote.

Naona uchungu katika jambo hili. Tunajua idadi ya waliocheka, umri wao, hata kwamba hakuna mwalimu aliyepatwa. Hatuna maandishi ya namna hiyo kuhusu walichofanya siku za kawaida saa kumi alasiri: nani alikuwa nahodha, walishindana na shule ipi, walisafirije. Msichana wa Muleba aliingia katika maandishi ya kitaaluma akiwa mgonjwa. Akiwa na afya yake, mwenye pumzi ya kukimbia saa nzima, hakuna aliyeona haja ya kumwandika. Upungufu huu wa kumbukumbu una madhara hadi leo, kwa sababu kisichoandikwa hakitengewi fedha wala mwalimu.

Baada ya uhuru taasisi ziliongezeka. Rugambwa, shule ya bweni ya wasichana mjini Bukoba iliyopewa jina la Laurean Rugambwa, Mwafrika wa kwanza kufanywa kardinali katika zama hizi, mwaka 1960, ilikuja kuwa ya serikali baada ya Sheria ya Elimu ya 1969 kuzihamisha shule za madhehebu. Baraza la Michezo la Taifa liliundwa kwa sheria mwaka 1967. Mashindano ya UMISSETA kwa sekondari, ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na ya UMISAVUTA kwa vyuo vya ualimu yalijenga ngazi kutoka shule hadi wilaya, mkoa na taifa. Katika ngazi hiyo ninakipa uzito wa pekee chuo cha ualimu. Katoke, kule Muleba, ni mfano wa chuo ambacho mwanafunzi wake leo anacheza na kesho anapangiwa shule ya kijijini, ambako yeye ndiye kocha, mwamuzi na mchora mistari. Timu ya chuo cha Marekani huzaa wachezaji wa timu ya taifa. Timu ya chuo cha ualimu ilizaa timu nyingine nyingi.

Ngazi hiyo iliishia kwenye ajira, na hili ndilo jibu langu kwa wanaoiona netiboli kuwa nidhamu ya kikoloni tu. Timu za majeshi kama JKT Mbweni, za Magereza na Uhamiaji, na mashindano ya watumishi ya SHIMIWI na SHIMUTA, yalimpa mfungaji hodari sababu ya kuajiriwa. Kwa binti ambaye kwa desturi hakutarajia kurithi kibanja, kipaji kilichompeleka kwenye mshahara kilikuwa jambo kubwa. Wazazi wengi waliokataa kumpa binti alasiri walibadili mawazo walipoona binti wa jirani amerudi likizo na sare ya jeshi.

Kisha ngazi ikakatika mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, serikali iliposimamisha mashindano ya michezo mashuleni kwa hoja kwamba yanakula muda wa masomo. Yalirejeshwa baadaye katika muongo huohuo, lakini kizazi kizima cha sekondari kilikuwa kimepita bila kucheza nje ya shule yake, na walimu waliotoka katika kizazi hicho hawakuwa na cha kurithisha.

Mara ya pili haikutangazwa na mtu, na iliingia pamoja na jambo jema. Kuanzia mwaka 2006 shule za kata zilijengwa kwa kasi, na mabinti wengi wa Bukoba na Muleba wakapata sekondari ambayo mama zao hawakuipata. Lakini nyingi ni za kutwa. Vipindi vinakwisha alasiri imeshaanza, kisha kuna mwendo wa kilomita kadhaa, na nyumbani kazi zilezile zinasubiri. Jua la Bukoba huzama karibu na saa moja usiku, kwa hiyo mwanga upo. Muda wa binti ndio haupo. Tulimwongezea msichana darasa na kumrudishia ndoo. Kwa macho ya takwimu za uandikishaji haya ni maendeleo tu, na ni maendeleo kweli, ila programu ya michezo ya wasichana ilipoteza msingi wake wa zamani bila kupewa mwingine.

Upande wa shule za bweni za binafsi, ambazo Kagera inazo nyingi na nzuri, kilichobana alasiri ni mtihani. Kwa miaka mingi Baraza la Mitihani lilitangaza shule kumi bora, hadi lilipoacha desturi hiyo Januari 2023, na shule zililazimika kuwania nafasi hizo. Hoja ya kwamba mchezo unashusha ufaulu inajibika kwa mfano wa jirani. Katika matokeo ya kidato cha nne ya 2015 Kaizirege ya Kagera ilishika nafasi ya kwanza kitaifa, na ya pili ilikuwa Alliance Girls ya Mwanza, kutoka taasisi ileile iliyoingiza timu ya Alliance Girls katika Ligi Kuu ya Wanawake ya soka.

Soka lenyewe sasa linawavuta mabinti. Serengeti Girls, timu ya taifa ya Tanzania, walipofika robo fainali ya Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17 nchini India mwaka 2022, baada ya kuifunga Ufaransa 2–1 na kutoka sare na Canada, walimu wa michezo walipata mfano wa kumwonyesha mzazi. Siliogopi soka kuwa litaiua netiboli. Ninachoogopa ni kwamba litarithi tatizo lilelile, kwa sababu timu ya wasichana ya shule ya kutwa itahitaji alasiri ileile isiyokuwepo, na kiwanja kikubwa ambacho wavulana wamekizoea.

Kwa hiyo ninapendekeza michezo iingizwe ndani ya saa za vipindi, asubuhi au kabla ya mchana, mara mbili kwa wiki, kwa shule za kutwa kwanza. Kuitaja katika sera na kuiacha ijitafutie nafasi baada ya kengele ya mwisho ni kuwapa wavulana peke yao. Msimu nao uangaliwe: mchujo wa UMISSETA hufanyika wakati masika ya Machi hadi Mei yamepamba moto, na mkoa unaopokea mvua nyingi kama huu unachagua timu zake kwenye matope. Uwanja mmoja wa zege wa netiboli kwa kila tarafa ungebadili hali hiyo, na gharama yake ni ndogo ukilinganisha na ya kutandika nyasi bandia kama zile za uwanja wa soka wa Kaitaba, Bukoba.

Kuhusu kumbukumbu, kazi iko mikononi mwa vyuo na idara za historia, na haiwezi kungoja. Waliocheza wakiwa mabinti wa miaka 15 mwaka 1962 sasa wanakaribia miaka 80. Wengi wako Kamachumu, Rubya, Kashozi na Bukoba mjini, ni walimu na wauguzi wastaafu, wanajua nani alifunga na nani alikatazwa na baba yake asisafiri. Vitabu vya kumbukumbu za shule vilivyonusurika na mchwa na tetemeko la Septemba 10, 2016 vinaweza kupigwa picha kwa simu. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili mwenye kinasa sauti, anayezungumza Kihaya na Kiswahili, anaweza kuianza kazi hiyo likizo ijayo.